Kinu, Shingo ya Kuku na Unga wa Chuma: Historia Fupi ya Kuuzuia Mtetemo

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sijaacha kuandika, la. Diski ngumu mbili zimenifia mfululizo hapa Ruiru, na mtu anayeandika programu akipoteza diski mbili kwa mwezi mmoja huanza kutazama kila kitu kwa jicho la shaka: stima, vumbi, panya, hata majirani.

Mwisho wa yote ilikuwa jirani kweli. Ukuta mmoja tu unatenganisha chumba changu cha kazi na kinu cha posho. Mama mwenye kinu ni mtu mwema na unga wake ni mzuri, lakini injini yake ikiwaka kikombe changu cha chai hutembea mezani peke yake. Nilikuwa nacheka. Kisha nikakumbuka video moja ya mwishoni mwa mwaka 2008: Brendan Gregg, mhandisi wa Sun Microsystems, anasimama mbele ya rafu ya diski na kuzipigia kelele, na kwenye skrini grafu ya muda wa kusoma data inaruka juu papo hapo. Diski ngumu ni kama santuri inayozunguka kwa kasi, na sindano yake inalenga mistari myembamba mno. Ukiitikisa inakosa mstari, inajaribu tena, inachoka.

Nikaenda kwa Mama na heshima zangu zote. Hakukataa. "Kijana, hata mimi miguu huniwasha jioni," akaniambia. Tukaita fundi, naye akakata vipande vya tairi kuukuu la lori akaviweka chini ya injini. Tukawasha. Ndugu yangu, mtetemo ukazidi! Dirisha langu, ambalo awali lilikuwa limenyamaza, sasa likaanza kuimba. Mama akanitazama kama mtu aliyemharibia kazi, na fundi akasema mpira haukuwa na shida, shida ni sakafu.

Sikulala vizuri usiku ule. Mpira ni laini, sasa unawezaje kuongeza mtetemo? Ndipo nikaanza kuchimba historia ya jambo hili, na nikagundua kwamba njia niliyoifuata inapita papa hapa, kati ya Ruiru na Thika.

HESABU AMBAYO TAIRI HALIKUIJUA

Ngoja tuanze na hesabu, ni fupi. Kitu chochote kilichokaa juu ya springi kina mdundo wake wa asili. Ukikisukuma na kukiachia, kitacheza kwa mdundo huo. Kuujua ni rahisi: pima springi imebonyea kiasi gani chini ya uzito. Ikibonyea milimita 10, mdundo ni kama mara 5 kwa sekunde. Ikibonyea milimita 1, ni kama mara 16. Ikibonyea milimita 0.4 tu, ni kama mara 25.

Sasa tazama injini ya Mama. Inazunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Kipande cha tairi la lori ni kigumu. Chini ya uzito ule kilibonyea chini ya nusu milimita. Umeona tulichofanya? Tuliichagulia injini springi yenye mdundo uleule wa injini. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi. Mpira una tabia zake na hesabu hii ni ya kukadiria tu, lakini inatosha kueleza kwa nini dirisha liliimba.

Kanuni ni hii: springi huanza kukusaidia pale tu mtetemo unapokuwa na kasi inayozidi mdundo wa asili kwa zaidi ya mara 1.4 hivi. Chini ya hapo inakuumiza au haikusaidii. Ikibonyea milimita 1, theluthi mbili ya mtetemo wa injini ile bado ingepita sakafuni. Ikibonyea milimita 10, ingepita asilimia 4 tu.

Basi jibu si ni kuweka springi laini kabisa? Subiri. Injini haianzi kwa mizunguko 1,500. Inaanza sifuri na kupanda, na inapopanda lazima ipite kwenye mdundo wa asili wa springi zake. Hapo inarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Wakati wa kuwasha unataka kitu kigumu, na wakati wa kazi unataka kitu laini. Weka wazo hilo akilini, maana historia yote inayofuata ni ya watu waliotaka kitu kimoja kiwe vyote viwili.

THIKA, MJI UNAOTETEMA

Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vikaanza kuota: mananasi ya mikebe, mikebe yenyewe, na nguo. Thika Cloth Mills ipo tangu 1958. Mji ukapata jina la utani, Birmingham ya Kenya, na ukapata pia mtetemo wake.

Chukua mtambo wa kufuma wa zama hizo, ule wenye kijiti kinachobeba uzi kikirushwa kushoto na kulia. Kila pigo ni kama kofi. Tuseme mapigo 200 kwa dakika, yaani mara 3 na kitu kwa sekunde. Ni polepole sana, na hapo ndipo penye ugumu wote. Rudia hesabu yetu: ili asilimia 10 tu ya mtetemo huo ipite sakafuni, unahitaji springi iliyobonyea kama sentimita 25. Mtambo wa zaidi ya tani moja juu ya springi kama hiyo ungeyumba kama mlevi, na nguo ingetoka pindapinda. Mtetemo wa polepole ndio mgumu kuuzuia. Kwa hiyo duniani kote dawa ilikuwa kumwaga zege nene, kuifunga mitambo chini kwa bolti, na kuwaacha wafanyakazi wavumilie.

Biashara ya nguo za Kenya iliporomoka miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, na mitambo mingi ikanyamaza. Lakini mtetemo haukuhama eneo hili. Pita Juja na Ndarugu uone machimbo ya mawe. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa mawe yaliyokatwa na mashine za machimbo hayo. Kisha mwaka 2009 ujenzi wa barabara kuu mpya ya Thika ukaanza, na tukaishi na mashine za kushindilia mpaka Rais Kibaki alipoifungua Novemba 2012.

Na hapa si suala la kikombe cha chai. Mwaka 1918 daktari Mmarekani aitwaye Alice Hamilton alikwenda Bedford, Indiana, kuwachunguza wakata mawe waliokuwa wakitumia nyundo za hewa. Akawakuta vidole vimegeuka vyeupe na kufa ganzi, hasa asubuhi za baridi. Damu haikuwa ikifika. Mtetemo wa nyundo ulikuwa umeharibu mishipa midogo na neva. Ni zaidi ya miaka 100 sasa, na ukimpa mkono mtu aliyeshika mashine ya mawe kwa miaka, muulize kama vidole vyake humuuma wakati wa baridi ya Julai. Uliza tu.

KILIMAMBOGO: WALIOTAKA KUTETEMA VIZURI

Sasa geuza shingo mashariki ya Thika. Kile kilima ni Kilimambogo, Ol Donyo Sabuk. Huko kuna kituo cha kupima matetemeko ya ardhi kinachojulikana duniani kwa herufi nne, KMBO, cha Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na mitandao ya Ujerumani na Marekani. Kipima tetemeko ni uzito uliotundikwa kwenye springi. Ardhi inatikisika, uzito unabaki umetulia, na tofauti kati yao ndiyo habari yenyewe. Yaani ni kizuia mtetemo kilichopindua kazi yake!

Wapima matetemeko ndio waliotangulia kukutana na ukuta uleule wa mtambo wa kufuma. Mawimbi ya ardhi ni ya polepole mno, na springi ya kuyapima kwa njia ya kawaida ingekuwa ndefu kama mti. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas, Lucien LaCoste, akiongozwa na mwalimu wake Arnold Romberg, alipata njia ya kulikwepa tatizo hilo. Mwaka 1934 alichapisha muundo ambamo springi imewekwa kwa mshazari, kwa namna kwamba uzito ukishuka au kupanda kidogo, nguvu ya kuurudisha inakuwa karibu na sifuri. Springi inabeba uzito wote, lakini uzito unajihisi kama unaelea.

Kuelewa hila hii chukua kifuniko cha bati cha chupa ya jemu, kile chenye kitovu kinacholia "tak". Kibonyeze. Mwanzoni kinakataa, halafu ghafla kinakusaidia, kinakimbilia chini chenyewe. Katika kipande hicho kifupi cha safari, kifuniko kina ugumu wa kinyume. Ukikifunga pamoja na springi ya kawaida, kukataa kwa springi na kukimbilia kwa kifuniko kunafutana. Unabaki na kitu kigumu kwa uzito lakini laini kwa mtetemo.

UNGA WA CHUMA

Upande wa pili kulikuwa na watu waliotaka kugeuza ugumu kwa swichi. Mwaka 1948 Jacob Rabinow, wa ofisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, alichanganya mafuta na unga laini wa chuma. Bila sumaku unamiminika. Ukiwasha sumaku ya umeme, chembe zinajipanga minyororo na mafuta yanakuwa kama uji mzito, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ukizima yanarudi kuwa mafuta.

Uvumbuzi huo ulikaa rafuni miaka mingi. Miaka ya 1990 ndipo ulipoingia sokoni kwa nguvu, ikiwemo kwenye viti vya madereva wa malori, watu ambao migongo yao inajua barabara kuliko ramani yoyote. Mwaka 2002 ukaingia kwenye shokabzoba za gari aina ya Cadillac Seville. Miaka hiyohiyo ya 1990 watafiti waliuhamisha unga wa chuma kutoka kwenye mafuta na kuutia ndani ya mpira. Sasa una kipande cha mpira ambacho hakivuji, na ugumu wake unaongezeka ukiwasha sumaku. Fikiria kile kipande cha tairi cha fundi wetu kingekuwa hivyo: kigumu wakati wa kuwasha, laini injini ikishachanganya.

KUKU, MAKANGA NA KIGOGOTA

Mshike kuku mikononi, umsogeze kushoto, kulia, juu, chini. Kichwa chake kinabaki palepale hewani kama kimepigiliwa msumari. Watoto wa huku wote wamecheza mchezo huo. Mwaka 2013 Mercedes-Benz waliutumia katika tangazo la mfumo wao wa gari unaoitazama barabara mbele kwa kamera na kuziandaa springi kabla ya shimo kufika. Shingo ya kuku ni viungo vingi vidogo, misuli inayobadilisha ugumu, na sikio la ndani linalotoa taarifa.

Kama huna kuku, mtazame makanga wa matatu aliyesimama mlangoni kati ya Ruiru na Thika. Magoti yake yamekunjwa kidogo. Miguu iliyokunjwa inabeba mwili mzima lakini inakubali mtikisiko, hila ileile ya LaCoste. Akiona tuta, anakaza misuli kabla halijafika. Miaka ya 2010 Xingjian Jing na wenzake wa Hong Kong waliunda vizuia mtetemo vya vyuma vilivyopangwa kama herufi X, wakiiga miguu ya wanyama, na vikaonyesha tabia ile tunayoitaka: ugumu wa kubeba, ulaini wa kutikisika.

Sasa kuna funzo chungu, hasa kwetu waandika programu tunaopenda kunakili. Kigogota, yule ndege anayegonga miti, amekuwa mfalme wa mada hii. Tangu angalau makala ya madaktari ya mwaka 1976, watu walisema fuvu lake lazima lina kinga ya ndani inayomeza mshtuko. Mwaka 2011 watafiti wa Berkeley waliunda kifaa cha kulinda vipande vya elektroniki wakiiga tabaka za kichwa chake. Kofia za kinga zikabuniwa kwa wazo hilohilo. Kisha mwaka 2022 Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp na wenzake wakapiga picha za kasi kubwa za vigogota wa aina tatu tofauti na kupima mdomo na jicho vinavyosimama. Hawakuona kinga yoyote. Kichwa ni nyundo ngumu! Na ni haki yake: nyundo inayomeza pigo lake yenyewe haitoboi mti. Ubongo wake unasalimika kwa sababu ni mdogo.

Kifaa cha Berkeley hakikuacha kufanya kazi kwa habari hiyo. Lakini hadithi iliyokizunguka ilianguka. Kuiga viumbe ni vizuri, ila kwanza pima kama kiumbe anafanya kweli kile unachodhani anafanya.

PRINTA INAINGIA

Maumbo haya yote, magoti, vifuniko vinavyolia tak, shingo za viungo vingi, ni taabu kuyatengeneza kwa msumeno. Hapo printa ya 3D ikaja. Chuck Hull aliomba hataza yake mwaka 1984. Scott Crump alileta njia ya kuyeyusha uzi wa plastiki mwaka 1989. Mradi wa RepRap, ulioanzishwa na Adrian Bowyer nchini Uingereza mwaka 2005, ukaweka michoro ya printa wazi kwa kila mtu, na hataza ya Crump ilipoisha mwaka 2009 bei zikaporomoka. Nairobi, Roy Ombatti na wenzake wa AB3D wakaanza kuunda printa wakitumia vipande vya taka za elektroniki.

Kwetu waandika programu, jambo tamu ni kwamba ugumu sasa ni nambari ndani ya faili. Uzi wa plastiki laini ya TPU uleule unaweza kutoa kipande kama sifongo au kama soli ya kiatu, kutegemea umejaza ndani asilimia ngapi na kwa umbo gani. Umbo moja linalopendwa linaitwa gairoidi. Alan Schoen wa NASA alilieleza mwaka 1970, na baadaye likaonekana kwenye magamba ya mabawa ya vipepeo. Leo liko kwenye menyu ya programu za kuandaa uchapaji, unalichagua kwa kubonyeza mara moja.

Mwaka 2013 Skylar Tibbits wa MIT alitangaza hatua nyingine, vitu vinavyobadilika umbo baada ya kuchapwa. Mwaka 2018 wenzake wa chuo hichohicho wakachapa mpira wenye chembe za sumaku zilizopangwa wakati wa kuchapa, ukajikunja na kuruka chini ya sumaku ya nje. Unga wa Rabinow ukawa umekutana na printa na umbo la mnyama katika kipande kimoja.

Tusidanganyane hata hivyo. Plastiki laini huchoka na kubonyea taratibu chini ya uzito wa kudumu. Uzi wa PLA, unaotumika sana kwa vitu vinavyobadilika kwa joto, hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, joto ambalo ndani ya gari lililoegeshwa Thika mchana si la ajabu. Sumaku ya umeme inataka stima, na stima ya Ruiru unaijua. Kifaa chochote cha kugeuza ugumu lazima kiwe salama stima ikikatika. Huo ni ushauri wa mtu aliyepoteza faili nyingi.

TULIVYOMALIZA NA MAMA

Tulirudi kwa fundi na hesabu mkononi. Tairi likatoka, springi za chuma zinazobonyea sentimita moja zikaingia, na pembeni vizuizi vya mpira vya kuikamata injini inaporuka wakati wa kuwasha. Ni ugumu unaobadilika wa maskini, lakini unabadilika. Diski zangu nimezikalisha juu ya vipande vinne vya TPU vyenye gairoidi ndani, nilivyovichapa mara tatu kabla sijapata vinavyobonyea ninavyotaka. Kipimo changu ni simu ya mkononi yenye programu ya kusoma mtikisiko. Kikombe kimeacha kutembea. Mama anasema miguu imepoa.

Jambo la mwisho. Tangu mwaka 2009 Kenya ina kanuni za NEMA kuhusu kelele na mtetemo uliopita kiasi. Kikomo ni sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa kiwanja unakotoka. Lakini kanuni hiyo inamlinda jirani. Mkono wa aliyeshika mashine kule Ndarugu uko ndani ya mpaka. Kama unasoma uhandisi pale JKUAT Juja, umezungukwa na machimbo, na printa si ghali tena: kishikio cha mashine ya mawe kinachoacha damu ifike vidoleni ni mradi mzuri kuliko kofia ya kigogota. Anza kwa kupima.

Nami narudi kwenye programu zangu. Kama umewahi kukifunga kinu, jenereta au mashine ya kufulia ikakuzidi ujanja, niandikie unisimulie. Na tafadhali, usisahau kuniambia springi yako ilibonyea milimita ngapi.